Jina la Aliyekosewa: Kukiri na Kusamehewa katika Maandishi ya Kikristo

Neno geni halimpi mfasiri taabu kubwa. Lina adabu zake: humjulisha msomaji kuwa ni mgeni, naye akalikaribisha au akalikataa. Taabu huja na maneno tuliyoyazoea, yale ambayo kila mtu huyasema bila ya kuyafikiri. Miongoni mwa hayo ni maneno matatu yanayokaa jirani: kutubu, kuungama na kukiri. Msikitini, kanisani, mahakamani na barazani, maneno haya hupokezana kazi kiasi kwamba wengi wetu huyachukua kuwa ni visawe. Makala haya yanadai kwamba si visawe, na kwamba tofauti iliyo baina yao yaweza kutusaidia kuyapima baadhi ya maandishi makubwa ya Kikristo yanayohusu hatia na msamaha.

Tuanze na maneno yenyewe. Kutubu kumetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni kurejea. Mwenye kutubu ni mtu aliyeshika njia mbaya, akageuka. Kuungama, kwa Wakatoliki na kwa Waanglikana wengi, kumekuwa jina la tendo maalumu: mtu kumweleza padri dhambi zake kwa siri ili apate ondoleo. Kukiri nako kumetoka katika Kiarabu, na katika lugha ya wazee na ya mahakama jina lake ni ikirari. Katika sheria ya Kiislamu, ambayo makadhi wa pwani hii wameihukumu kwa karne nyingi, ikirari ina maana finyu na nzito kuliko kusema tu kwamba jambo fulani lilitokea. Ni mtu kuithibitisha haki ya mwenziwe dhidi ya nafsi yake mwenyewe: fulani ananidai, na deni lenyewe ni hili. Kwa hivyo ndani ya kukiri mna watu wawili. Mtu anaweza kujuta peke yake chumbani, lakini hawezi kukiri deni lisilokuwa na mwenyewe.

Msomaji wa pwani halioni jambo hili kuwa geni. Amefundishwa tangu chuoni kwamba toba ya kosa lililo baina ya mja na Mola wake ina masharti yake, nayo ni kuliacha kosa, kulijutia na kuazimia kutolirudia; na kwamba kosa likihusu haki ya mja mwenziwe, huongezwa sharti jingine, la kuirudisha haki hiyo au kumtaka radhi mwenyewe. Ndiyo maana katika maziko yetu husimama mtu akatangaza kwamba mwenye kumdai marehemu awaone jamaa zake. Ndiyo maana pia lugha yetu ina neno buriani, ambalo leo wengi hulitumia kwa maana ya kuagana tu, ilhali asili ya matumizi yake ni kuombana msamaha kabla ya safari ndefu au kabla ya kufa.

Ukristo nao unalijua deni. Katika Sala ya Bwana, Injili ya Mathayo kwa Kigiriki hutumia neno la madeni, na Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, iitwayo ya Union, ikalihifadhi neno deni. Wakatoliki katika sala yao husema makosa. Sidhani kwamba tofauti hii ni ndogo. Kosa naweza kulihesabu kuwa langu peke yangu, kama doa lililo kwenye nguo yangu. Deni lina mtu wa pili ambaye jina lake liko kwenye daftari. Maandishi ya toba, kwa maoni yangu, hufikia kina chake yanapomkumbuka mtu huyo wa pili, na hupungukiwa yanapomsahau, hata yawe na ufasaha wa namna gani. Kwa kipimo hicho nataka kuyasoma maandishi mawili: Zaburi ya 51 na kitabu cha Augustino wa Hippo.

Ni vigumu kulipata shairi la toba lililosomwa zaidi katika Ukristo kuliko Zaburi ya 51. Anwani yake inaifungamanisha na Mfalme Daudi, baada ya kujiwa na nabii Nathani. Kisa chenyewe kimo katika Samweli wa Pili, sura ya 11 na ya 12. Daudi alimtamani Bathsheba, mke wa Uria Mhiti, askari wake aliyekuwa vitani. Mwanamke akashika mimba. Mfalme akamwita Uria kutoka vitani ili alale kwake na aonekane kuwa ndiye baba, lakini Uria akakataa kuingia nyumbani kwake ilhali wenziwe wamelala mahemani. Ndipo mfalme akampa barua ampelekee Yoabu, jemadari wa jeshi, na ndani ya barua mlikuwa na amri ya kumweka Uria mahali pa kufa. Mtu yule mwaminifu aliibeba hukumu yake mkononi mwake, naye hajui.

Ukiisoma zaburi baada ya kukisoma kisa hiki, utasita mahali pamoja. Mwenye kutubu anamwambia Mungu kwamba amemkosea Yeye peke yake. Je, na Uria? Wafafanuzi wa karne nyingi wameliona swali hili, na jibu lao lina nguvu: kila dhambi mwishowe ni dhidi ya Mungu, kwa sababu sheria ni yake na uhai alioutoa Daudi ulikuwa wake. Mwanatheolojia anaweza kuridhika. Msomaji wa ushairi haridhiki upesi hivyo, kwani shairi zima limejaa nafsi mbili tu, mimi na Wewe, na yule wa tatu, aliyelala chini ya ukuta wa mji wa adui, hana pa kuketi.

Lakini shairi kubwa huwa na njia zake za kujirekebisha. Kuelekea mwisho, mwenye kutubu anaomba aokolewe na damu. Katika Kiebrania neno hilo limo katika wingi, umbo linalotumika mara nyingi kwa damu iliyomwagwa. Hapo ndipo Uria anapoingia. Anaingia bila ya jina, bila ya uso, kama kitu ambacho msemaji hawezi kukiosha kwa maji yote aliyokwisha kuyaomba beti za mwanzo. Bila ya neno lile moja, zaburi hii ingebaki kuwa shairi zuri la mtu anayejihurumia.

Tena tusisahau kwamba kabla ya zaburi palikuwa na hadithi. Nathani hakwenda kwa mfalme na mawaidha. Alimsimulia habari za tajiri mwenye kondoo na ng'ombe wengi, na maskini mwenye mwanakondoo mmoja tu wa kike, aliyemlea kama binti yake. Tajiri akapata mgeni, naye akamchinja mwanakondoo wa maskini. Mfalme akaghadhibika, akahukumu kwamba mtu huyo alipe mara nne. Kisha akaambiwa kwamba mtu huyo ni yeye. Kukiri kwake hapo, kwa Kiebrania, ni maneno mawili tu. Kilichomfikisha hapo ni kumwona aliyekosewa akiwa na nyumba, chakula na kitu anachokipenda. Hadithi ilimpa Uria sura ambayo mamlaka ya mfalme yalikuwa yameifuta.

Na Biblia yenyewe haikukubali jina hilo lipotee. Limo katika orodha ya mashujaa wa Daudi, mwishoni mwa sura ya 23 ya Samweli wa Pili. Limo pia katika ukurasa wa kwanza kabisa wa Agano Jipya, pale Mathayo anapoorodhesha nasaba ya Yesu. Anapofika kwa mama wa Suleimani hamtaji Bathsheba kwa jina. Anamtaja kuwa ni mke wa Uria. Daudi alikuwa amekufa karne nyingi, kosa lilikuwa limesamehewa, naye Uria bado anatajwa.

Washairi wetu walilielewa jambo hili kwa njia yao. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir anauhutubia moyo wake mwenyewe, lakini haubakizi peke yake. Anaupeleka kwenye magofu ya Pate uwaone waliokuwamo. Katika tenzi nyingi za kale mtunzi hujitaja jina mwishoni na kuwaomba wasomaji wamsamehe makosa yake, yaani huomba kwa watu pia. Na Mathias Mnyampala, aliyezitia Zaburi na Injili katika utenzi, alituonyesha kwamba umbo hili linaweza kuzichukua sala za Kikristo bila ya kulemewa. Kwa hiyo ala tunazo. Hatari iliyopo ni ile ya kila mtunzi wa toba, wa dini yoyote, kuufikia urahisi wa nafsi mbili. Hatari hiyo naweza kuionyesha kwa ubeti huu, nilioutunga kwa ajili ya makala haya tu:

Mola nimekuja kwako
nikataja jina lako
ila yule mja wako
jina sijalitamka.

Sasa tumgeukie Augustino. Alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, ambao leo ni Souk Ahras nchini Algeria, na akawa askofu wa Hippo, karibu na Annaba ya leo. Kwa hiyo kitabu tunachokizungumzia, kilichoandikwa kwa Kilatini kati ya mwaka wa 397 na 400 au karibu na hapo, ni kitabu cha Mwafrika. Kina sehemu 13, na chote kinamhutubia Mungu. Jina lake la Kilatini lina maana zaidi ya moja: kukubali dhambi, kutangaza imani na kutoa sifa. Kwa Kiswahili hukiita Maungamo. Jina hilo limezoeleka na silipigii vita, lakini linamfanya msomaji akitarajie kibanda cha padri, na kibanda hicho hakikuwako zama za Augustino. Enzi zake toba ya dhambi kubwa ilifanywa hadharani mbele ya kanisa. Neno kukiri lingefaa zaidi, kwa sababu sisi hukiri imani na hukiri kosa kwa kitenzi kile kile, kama Kilatini kilivyofanya. Tena lingekuja na maana yake ya kimahakama, ile ya deni. Na maana hiyo ndiyo inayokitia kitabu hiki katika mtihani.

Katika sehemu ya pili, Augustino anasimulia kwamba alipokuwa na umri wa miaka 16, yeye na vijana wenziwe walikwenda usiku kuiba mapeasi katika mti wa jirani. Hawakuwa na njaa. Walionja kidogo, mengine wakawatupia nguruwe. Kwa mgawanyo wa sura tunaoutumia leo, wizi huo na maswali yanayoufuata huchukua sura saba. Anauliza kwa nini aliiba, alikipenda nini katika kuiba, je, angeiba angekuwa peke yake? Ni uchunguzi wa nafsi ambao fasihi ya kale ina machache ya kufanana nao. Vitenzi vyake humo ni vya nafsi ya kwanza na ni vya kutenda: nilitaka, niliiba, nilipenda.

Katika sehemu ya sita kuna jambo jingine. Tangu ujana wake katika mji wa Carthage, Augustino alikuwa akiishi na mwanamke mmoja bila ya ndoa kamili. Walikaa pamoja miaka ipatayo 15, na wakapata mtoto wa kiume, Adeodatus, ambaye jina lake lina maana ya aliyetolewa na Mungu. Walipokuwa Milan, Augustino akiwa mwalimu wa ufasaha mwenye matumaini ya cheo, akaposewa binti wa ukoo unaofaa, ambaye alikuwa bado na miaka miwili kabla ya kufikia umri wa kuolewa. Mwanamke yule wa miaka mingi alikuwa kizuizi. Akarudishwa Afrika. Aliweka nadhiri ya kutomjua mwanamume mwingine, na mtoto akamwacha kwa baba yake. Augustino hakuweza kungoja miaka miwili. Akamchukua mwanamke mwingine. Haya yote yamo katika sura moja fupi.

Nimeisoma sura hiyo mara nyingi, kamusi ya Kilatini ikiwa pembeni, na kila mara jicho langu husimama kwenye kitenzi. Kwa mapeasi mwandishi alitumia kauli ya kutenda. Hapa anatumia kauli ya kutendwa: mwanamke aling'olewa ubavuni mwake. Na nani? Hasemi. Msomaji anajua kutokana na kurasa za jirani kwamba Monika, mama yake, ndiye aliyeihangaikia sana ndoa, na kwamba mwana naye alikubali kuposa. Lakini katika sentensi yenyewe mtenda hayupo. Kisha mwandishi anaeleza jinsi moyo wake ulivyochanika na kuvuja damu, na jinsi kidonda kilivyokataa kupona hata baada ya kumpata yule mwingine. Uchungu wake ni wa kweli, wala sidhani kwamba msomaji yeyote ataushuku. Lakini uchungu huo ni wa nani? Ni wake mwenyewe. Wa mwanamke aliyepanda chombo na kuvuka bahari bila ya mwanawe hatuusikii.

Haki inatutaka tusikilize utetezi. Wa kwanza ni kwamba kutomtaja kwa jina hakuwi dharau kwa lazima. Rafiki mpenzi wa Thagaste, ambaye kifo chake kinaliliwa kwa kirefu katika sehemu ya nne, naye hatajwi jina. Hata majina ya wazazi wake, Monika na Patricius, mwandishi aliyangoja hadi mwisho wa sehemu ya tisa. Pengine alimsitiri mwanamke aliyekuwa bado hai. Utetezi wa pili ni kwamba hakujipamba. Ameeleza kuwa mwanamke yule alimpita kwa uthabiti, kwani aliweza kuweka nadhiri ambayo yeye hakuiweza. Mtu anayetaka kujitakasa asingeliandika hilo.

Utetezi huu naukubali, nao unaniondolea shaka kuhusu nia ya mwandishi. Haunijibu kuhusu kitabu. Majina ya wazazi, pale yanapotajwa, yanatajwa kwa sababu maalumu: mwandishi anawaomba wasomaji wawakumbuke wawili hao mbele ya altare. Kwa Augustino, kumtaja mtu ni kumkabidhi kwa waombaji wa vizazi vyote, na kwa kweli watu wamemwombea Monika kwa zaidi ya miaka 1,600. Mama wa Adeodatus hakupata sehemu katika hazina hiyo. Na mwenye mti wa mapeasi, ambaye naye hatumjui, alikosewa tunda. Huyu alikosewa maisha yake. Sura saba kwa moja. Alichokikiri Augustino katika sura ile ni kidonda, na deni likabaki bila ya mkiri.

Kuna habari moja zaidi, iliyoandikwa na Possidius, rafiki na mwandishi wa maisha yake. Mwaka 430, Wavandali wakiwa wameuzingira mji wa Hippo, Augustino aliugua maradhi ya mwisho. Akaamuru zaburi za Daudi za toba, zilizo chache, zinakiliwe na kubandikwa ukutani karibu na kitanda, akawa anazisoma na kulia. Akaomba asiingiliwe, isipokuwa na waganga na waleta chakula, na akakaa hivyo siku zipatazo kumi hadi akafariki. Nani hataguswa na mzee wa miaka 75 na zaidi anayesoma ukuta kwa machozi? Lakini mtu wa pwani, akiisoma habari hii, atauliza pia swali ambalo desturi yake imemfundisha kuuliza: buriani alimtaka nani?

Hapa panazuka pingamizi kubwa kuliko zote, na halitoki kwa watetezi wa Augustino peke yao. Linatoka katika moyo wa imani ya Kikristo. Msamaha, watasema, ni zawadi. Ukianza kuhesabu madeni, utaurudisha mtu kwenye daftari ambalo Kristo amekwisha kulifuta. Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 uliwataka waamini waungame angalau mara moja kwa mwaka, na ule wa Trento, mwaka 1551, ukaeleza kwamba matendo ya mwenye kutubu ni matatu: majuto, maungamo na malipizi. Katikati ya mitaguso hiyo miwili, mwaka 1517, Martin Luther alianza hoja zake 95 kwa kusema kwamba maisha yote ya mwamini yawe toba. Hofu yake ilikuwa ni kwamba malipizi yamegeuka biashara na msamaha umewekewa bei. Hofu hiyo ilikuwa na msingi.

Katika ushairi, pingamizi hili halijaelezwa vizuri kuliko alivyolieleza padri na mshairi wa Kiingereza George Herbert, aliyefariki mwaka 1633. Mkusanyiko wa tungo zake uliochapishwa mwaka huo huo unakamilisha safu ya mashairi ya ibada kwa shairi fupi ambamo Upendo ni mwenyeji na nafsi ni mgeni. Mgeni anarudi nyuma mlangoni kwa aibu. Anasema hastahili hata kutazama. Kila udhuru anaoutoa unajibiwa kwa upole, na mwisho anaambiwa kwamba lawama imekwisha kubebwa na mwenyeji mwenyewe. Mgeni bado anataka apewe kazi ya kutumikia, ili asile bure. Anaambiwa aketi ale. Anaketi, anakula. Mtu wa Kiswahili, aliyelelewa katika adabu za mgeni na mwenyeji, halihitaji shairi hili lifafanuliwe.

Hata hivyo, litazameni tena. Aliyekosewa yumo ndani ya chumba. Ndiye mwenye nyumba, ndiye anayesema, ndiye anayemshika mgeni mkono. Msamaha unatoka kwa anayedai, uso kwa uso, na uzuri wote wa shairi umetokana na hilo. Herbert hakumsamehe mgeni kwa niaba ya mtu aliye nje ya mlango. Kwa hiyo shairi linalotajwa kama ushahidi dhidi ya daftari linanikubalia neno langu kuu: pasipo na watu wawili hapana msamaha, pana faraja tu. Wala mafundisho ya kanisa hayako mbali na hapo. Mwizi anayeungama huambiwa arudishe alichokiiba. Mathayo sura ya tano inamwagiza mwenye kuleta sadaka aiache mbele ya madhabahu, akapatane kwanza na ndugu yake. Na Zakayo, mtoza ushuru wa Luka sura ya 19, anatamka kurudisha mara nne alichokitoza kwa hila, kipimo kile kile alichokihukumu Daudi, na ndipo anaposikia kwamba wokovu umefika nyumbani mwake.

Swali gumu zaidi ni la wafu. Uria hawezi kulipwa mara nne. Kwa hapa Unguja swali hilo lina mahali pake. Soko la watumwa lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Waanglikana pale Mkunazini, chini ya uongozi wa Edward Steere, ambaye pia alifanya kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili cha kisiwa hiki. Waliojenga hawakuwa wauzaji wa soko lile. Lakini kanisa lao la Uingereza lilikuwa na deni lake kwingine: kupitia chama chake cha kueneza Injili, lilimiliki shamba la miwa la Codrington kisiwani Barbados, lililolimwa na watumwa, na utumwa ulipofutwa katika makoloni ya Uingereza miaka ya 1830, fidia ililipwa kwa wamiliki. Waliomilikiwa hawakulipwa kitu. Februari 2006 Sinodi Kuu ya kanisa hilo iliomba radhi, na Codrington ikatajwa kwa jina. Januari 2023 taasisi inayosimamia mali za kanisa hilo ikatangaza kutenga paundi milioni 100. Msomaji anaweza kuona kwamba kiasi hicho ni kidogo, au kwamba kimechelewa. Hata hivyo mwelekeo ni ule wa ikirari: mahali pakatajwa, wanaodai wakatambuliwa, na fungu likatengwa.

Katika ua wa kanisa la Mkunazini kuna sanamu za Clara Sörnäs, za mwaka 1998: watu watano wamesimama shimoni, minyororo shingoni. Hawana majina. Msanii hakuyabuni, na alifanya vyema, kwa sababu jina la kubuni lingekuwa ni kuwanyang'anya mara ya pili. Alichokifanya ni kuwapa nyuso, na kuwaweka mahali ambapo mwenye kwenda kusali atawapita njiani.

Nadhani hilo ndilo fundisho kwa sisi wenye kutunga na kufasiri. Yapo madeni ambayo mwandishi hawezi kuyalipa, lakini anaweza kukataa kuyafuta. Iwapo siku moja kitabu cha Augustino kitafasiriwa upya kwa Kiswahili, mfasiri atafika kwenye ile sura fupi ya sehemu ya sita na kitenzi chake. Akiandika kwamba mwanamke yule aliondoka, atakuwa amesema uongo. Akiandika kwamba Augustino alimfukuza, atakuwa amemkiria mwandishi jambo ambalo mwenyewe hakulikiri, na hiyo si kazi ya mfasiri. Na aandike kwamba aliondolewa, akome hapo. Msomaji wa Kiswahili, aliyezoea kusikia kauli ya kutendwa ikifuatiwa na jina la mtenda, atalingoja jina hilo, na atakapoona kwamba halikuja atauliza mwenyewe.